Kopo la Lori la Mayai

Wifi yangu hajui kubisha hodi. Asubuhi ile aliingia gereji na trei ya mayai yaliyopasuka, akaipita meza ya baba yake bila salamu, akaja kuitua juu ya boneti ya gari nililokuwa nikilitengeneza. Ute ukachuruzika mpaka kwenye taa.

"Nionyeshe zima hata moja," akasema.

"Mimi fundi gia, wifi. Mayai kamuulize kuku."

"Tangu uliguse lori langu linatetemeka! Miezi mitatu! Kila safari nashusha uji badala ya mayai. Kazi ya mikono yako hiyo, na kila mtu nimeshamwambia."

Hilo la kumwambia kila mtu lilikuwa kweli. Alikuwa amenitangaza sokoni, kanisani na kwenye misiba, hata wateja wangu wawili wa siku zote wakaanza kunipungia mkono kwa mbali wakielekea ng'ambo ya barabara, kwa yule fundi kijana tunayemwita Diploma. Nilimchukia wifi yangu, sina haja ya kuzunguka mbuyu. Nilimchukia na kucheka kwake, na pete zake, na jinsi anavyosema "mikono yako" kana kwamba nimeichimbia makaburi.

Baba mkwe akainuka mezani. Gereji ni yake, na akisimama hata kompresa tunaizima.

"Basi," akasema. "Nimechoka kula chakula chenye matusi. Leo lori litengenezwe, na leo nijue kosa ni la nani. Likiwa la mkono wako, mkwe wangu, utaweka spana chini na kitengo cha gia nitampa Diploma. Likiwa la mwingine, huyu binti yangu atakuomba radhi hapa hapa, watu wanasikia."

"Sawa, baba," nikasema. Sikuogopa hata kidogo. Miaka kumi na moja nimelala chini ya magari ya gereji ile. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilipewa bolti za kuosha kwa petroli ili nikate tamaa nirudi jikoni, na sikurudi. Mume wangu, ambaye yuko upande wa injini, hupenda kutania kwamba mimi niliolewa na giaboksi na yeye alikuja kama shahidi.

Nikamwita dereva twende tukalijaribu lori. Ni mzee mmoja mkimya, kila mtu humwita Polepole, na jina hilo hakuliokota njiani. Hushuka tuta kama mtu anayemlaza mtoto. Tukatoka mjini mpaka penye barabara iliyonyooka. Mwendo ulipokaribia sitini, mguu wake ukiwa mwepesi kabisa, lori likaanza kunguruma chini ya nyayo zetu kama tunapita juu ya mabati. Akaongeza mafuta, likatulia. Akaachia, likaanza tena.

"Ndivyo lilivyo, fundi," akasema. "Nimejaribu kila namna. Naona aibu kwa yale mayai."

"Si kosa lako," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nilishajua ugonjwa. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna klachi inayojifunga gari likishika mwendo. Mafuta yakiwa ndiyo, hujifunga kimya kimya. Yakiwa siyo, hushika na kuteleza, hushika na kuteleza, na ndiyo mtetemo. Nikaona wazi: wifi yangu, kwa ubahili wake, amepeleka lori kwa mtu wa vichochoroni akaongezewa uchafu. Nikawa na furaha mbaya moyoni. Nikapanga hata maneno nitakayomwambia.

Tukarudi. Nikalipandisha lori kwenye stendi, nikafungua sampo, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi. Mafuta yalitoka meusi, yananuka kuungua. Wifi alikuwa amevuta kiti akaketi hatua tatu kutoka nilipo, mkoba mapajani, ananitazama kama polisi.

"Yaangalie vizuri," nikamwambia. "Mimi sikuweka haya."

"Tutaona."

Gereji yetu ina desturi yake. Ukiliwekea gari mafuta ya giaboksi, kopo tupu halitupwi. Unaandika juu yake namba ya gari kwa rangi nyeupe, unalitundika kwa waya kwenye ukuta wa nyuma, ili atakayelifungua gari hilo kesho ajue lilikunywa nini. Baba mkwe aliianzisha mwenyewe, na ukuta wote umejaa makopo. Kwa hiyo nikaenda nyuma kulichukua kopo la lori la mayai, nije nimpige nalo usoni mbele ya baba yake.

Nikalikuta. Namba yake, mwandiko wangu, ile saba yangu yenye mkia. Nikaligeuza. Yalikuwa mafuta mekundu, ndiyo, ila kopo lilikuwa na picha ya usukani. Mafuta ya usukani.

Nikakumbuka siku yenyewe yote. Wifi alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akisema fanya haraka, wewe mwanamke mzito hivi kaka yangu alikupendea nini, na mimi nikanyoosha mkono kwenye rafu bila kutazama. Mekundu ni mekundu, nilijiambia, hasira zinanichemka. Jina la mafuta ya giaboksi ile limechongwa kwenye mshikio wa kijiti cha kupimia. Ungetosha ufutaji mmoja wa kitambaa ili nilisome. Sikufuta.

Kwa hiyo alikuwa anasema kweli. Miezi mitatu, sokoni, kanisani na msibani, yule mwanamke alikuwa anasema kweli. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Nikalilaza kopo chini, nikalikanyaga mpaka likawa chapati, nikalisukuma ndani ya pipa la vyuma chakavu, chini kabisa. Kisha nikafuta mshikio wa kijiti, nikasoma, nikaenda stoo kutafuta mafuta yenye jina lile lile, herufi kwa herufi.

Kazi niliifanya vizuri, nani atabisha? Nilibadilisha filta, nikasafisha sampo mpaka inang'aa. Nikajaza, nikawasha injini, nikapitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, nikamwaga. Nikajaza tena, nikamwaga tena, maana yanayotoka kwenye sampo ni sehemu tu, mengine hujificha ndani. Mara ya nne yalitoka mekundu safi. Nikapima giaboksi ikiwa na moto, injini inanguruma, kama inavyotakiwa. Kisha nikaandika namba kwenye kopo jipya, nikalitundika kwenye msumari ule ule, kama ndilo la siku zote.

Safari ya majaribio tulienda watatu, Polepole akiendesha, wifi katikati na trei nzima ya mayai mapajani. Hamsini. Sitini. Sabini. Lori likapita kimya, hata trei haikulia. Wifi alishika mayai yake akatazama mbele mpaka tuliporudi.

Baba mkwe alikuwa anatungoja ukutani. Alishalisoma kopo.

"Mafuta ndiyo yenyewe," akasema. "Basi yale ya kwanza yaliungua kwa nini?"

Mafundi wote walikuwa wameacha kazi. Niliangalia kisanduku changu cha spana, nikamwona akilini Diploma akikifungua.

"Gari la otomatiki likiwa na mzigo halitaki kukanyagwa ghafla, baba," nikasema. "Klachi hupata moto, na mafuta huungua."

Sikumtaja mtu. Wifi ndiye aliyetaja. Aliomba radhi kwanza, maneno mawili aliyoyatema kama mbegu, halafu akamgeukia Polepole na hasira yote aliyokusudia kunimwagia mimi.

"Kumbe ni wewe! Nimemtukana mke wa kaka yangu miezi mitatu kwa ajili yako! Lete funguo."

Mzee akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha wifi. Hakubisha. Nilingoja abishe. Nilimwomba Mungu mzee abishe, aseme fundi mwenyewe aliniambia si kosa langu, nami ningelazimika kusema. Alitoka tu mbele yake, akaja mpaka niliposimama na kitambaa changu.

"Nisamehe, binti yangu," akasema. "Umetukanwa kwa ajili yangu, kumbe mguu wangu ni mzito nami sijui. Uzee huu. Nifundishe basi, nikipata gari jingine nisiliharibu."

Wifi alikuwa anatusikiliza. Baba mkwe pia.

"Anza taratibu, mzee wangu," nikamwambia. "Usikanyage mpaka liwe limetembea kidogo."

"Taratibu," akarudia, akiitikia kwa kichwa ili asisahau, akanishukuru kwa mikono miwili.