Kipindi cha Mama, Jumatano Saa Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota marehemu mama amerudi redioni.

Mama yangu, Nesi Eliaichi, aliendesha kipindi cha wajawazito kwenye redio ya wilaya kwa miaka kumi na moja. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikipunguza sauti, maana alitaja mambo ya uzazi bila kificho na mimi niliona aibu mbele ya wenzangu. Sasa mimba yangu ya kwanza ina miezi minane, na mama ana miaka miwili kaburini.

Katika ndoto ni Jumatano, saa nne asubuhi. Redio iliyo juu ya kabati inakohoa kidogo, kisha mama anawasalimia wasikilizaji.

"Wajawazito wote," anasema, "laleni ubavu wa kushoto."

Nyumba yetu inatii. Inajilaza polepole ubavu wa kushoto, pamoja na kabati na kuku wa uani. Mume wangu Semboja sasa amekaa ukutani, anaendelea kunywa chai. Ananiambia nisihangaike, nyumba nayo imechoka.

Naifungua redio kwa nyuma, naingia. Ndani kuna benchi refu kama la kliniki, na wanawake wa wilaya nzima wameketi, kila mmoja na kadi yake. Mezani yupo betri mnene aliyevaa sare ya nesi. Anauliza tarehe yangu ya kliniki ni lini. Namjibu ni wiki ijayo, ila nimekuja kumwona mama. Ananieleza kwa upole kwamba wote walio kwenye benchi wamekuja kumwona mama. Msikilizaji mmoja, swali moja.

Nasubiri. Swali langu nimelibeba miaka miwili: je, alijua kwamba nilikuwa nampunguza sauti?

Zamu yangu inafika. Nyuma ya pazia hakuna mtu, kuna kipaza sauti tu, kimejifunga kanga yake ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nakunda. Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Tangu juzi. Mama, nilitaka kukuuliza..."

"Na macho?"

"Yanaona vimulimuli. Nilidhani ni jua."

"Nenda kliniki leo. Usingoje tarehe ya kadi."

Namwambia hilo silo swali langu. Kwenye benchi, wanawake wameacha hata kujipepea.

"Swali lako nalijua, mwanangu," anasema. "Kila ulipopunguza, mimi nilipaza. Haya, vua pete kabla kidole hakijaimeza."

Namwomba anipe dakika moja tu, anisemeshe lolote, hata habari za lishe. Betri anasema kwa masikitiko kwamba anayeisha ni yeye. Anafifia palepale mezani, na sauti ya mama inafifia naye, inakuwa mbali, inakuwa kama mtu anayeongea chumba cha pili, kisha hata chumba hakipo.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nikaishika pete, haikuzunguka. Nyama ya kidole ilikuwa imevimba huku na huku, dhahabu imebaki uzi mwembamba.

Nikamwamsha Semboja, nikamwambia twende kliniki sasa hivi. Akauliza nani kasema.

"Mama," nikamjibu.

Aliinuka akaenda kutafuta viatu.