Pamba Chini ya Kitanda

Tangu lori limlalie mguu, Gia Kubwa alikuwa mtu wa kitanda na dirisha. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu enzi zake hakujua kutambaa barabarani. Alikunywa chai ya asubuhi mji huu na ya jioni mji mwingine, na usingizi ukimshika alilala palepale kwenye kiti cha lori. Sasa mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, mzito kama gogo, na dunia yake ilikuwa imebaki sebule moja ya ghorofani: kitanda kilichohamishiwa humo, stuli ya dawa, na dirisha la nondo linalotazama ngazi.

Mkewe, mpishi wa shule, kila akienda kazini alifunga mlango wa chuma kwa nje na kuondoka na ufunguo. Hakuwa na ubaya. Ni kwamba mumewe alikuwa amejitia ushujaa, akashuka peke yake kwenda kupiga soga na waosha magari, akaporomoka ngazi mpaka kwenye kona.

"Sitaki kuachwa mjane na ngazi," mkewe alisema, na ufunguo ukaingia mkobani. Gia Kubwa alinuna kutwa nzima. Ufunguo haukutoka.

Mwenzake wa ndani alikuwa Pamba, sungura mweupe wa binti yao wa mwisho. Pamba alikuwa na mimba, na tangu jana yake alikuwa akijinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda.

"Baba, akizaa usimguse," binti alimwambia asubuhi akivaa viatu vya shule. "Mwangalie tu."

"Nitamwangalia, mama. Nina kazi gani nyingine?"

Walipoondoka, alisikia kufuli likilia, kisha nyayo zikishuka na kupotea. Saa hiyo ndiyo aliyoichukia kuliko zote. Alilala akihesabu nyufa za dari mpaka usingizi ukamchukua. Kilichomwamsha ni sauti kama ya mtu anayesaga punje za mchanga. Akasikiliza. Ilitoka chini yake.

Aliinua shuka, akainamisha kichwa ukingoni. Pamba hakuwa kwenye boksi. Alikuwa amejibana ukutani, amejinyoosha, mbavu zikipanda na kushuka, na ile sauti ilikuwa meno yake. Akajikamua mwili mzima. Nyuma yake vilichungulia vijiguu viwili vyembamba, vimelowa, havina manyoya. Akatulia, vikarudi ndani. Akajikamua tena, vikachungulia tena, vikaishia palepale.

Gia Kubwa alikuwa na watoto wanne, na mara zote nne alikuwa safarini. Hakujua la kufanya, ila alijua kwamba mtoto hapaswi kutoka na kurudi. Simu ilikuwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba, inachaji. Akashika gongo lake moja, akateremsha mguu mzima, kisha ule wa plasta. Hapo mambo yakaharibika. Mkeka uliteleza, akaketi chini kwa kishindo, na plasta ikapita chini ya kitanda na kunasa kwenye chuma cha fremu. Akavuta. Ikagoma. Akajaribu kujigeuza, maumivu yakampanda hadi kwenye meno. Akabaki amelala ubavu, kichwa chini ya kitanda, uso kwa uso na sungura.

"Haya, mama," alimwambia. "Tumekwama wote."

Sasa, katika nyumba ya chini yake aliishi fundi cherehani, na kati yao hapakuwa na salamu. Tangu alipoanza kulala mchana, Gia Kubwa alikuwa akigonga sakafu kwa gongo kila mashine ilipomkera, na fundi akimjibu kwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Alipogonga safari hii, cherehani ilinyamaza. Akasubiri nyayo. Hakuna. Bila shaka fundi aliketi huko chini akisonya. Kisha mashine ikaanza tena, kwa kasi zaidi, kama ya kumkomoa. Akagonga mfululizo, bila kupumzika, mpaka mkono ukafa ganzi.

Hatimaye viatu vilipanda ngazi kwa hasira. Mkono ukapita kati ya nondo, ukavuta pazia.

"Shemeji, leo tuyamalize. Nina sare za kwaya nzima na wewe unanigongea kama..." Fundi akachungulia. Kutoka dirishani aliona mguu mmoja tu na nusu ya mgongo. "Umeanguka?"

"Nimenasa. Lakini niache mimi. Sungura wa mtoto anakufa na uchungu hapa. Mtoto katanguliza miguu, hatoki."

Fundi alijaribu mlango, kana kwamba chuma kingemwonea huruma. Akampigia mke wa Gia Kubwa. Simu iliita mpaka ikakata, maana jikoni shuleni simu huwekwa kabatini. "Nikuitie mtu wa kukata kufuli?"

"Mpaka afike, huyu atakuwa amekwisha."

Fundi hakubisha. Alikuwa na shangazi mfuga kuku, akampigia, akapewa namba ya daktari wa mifugo. Daktari alikuwa shambani kwa mtu, mbali, na hangeweza kufika kabla ya jioni. Fundi aliingiza mkono wote na simu ndani ya nondo, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho.

"Unaona miguu yote miwili?" daktari aliuliza.

"Miwili. Inachungulia, kisha inarudi ndani."

"Umesema inatoka na kurudi. Basi tunajaribu, lakini kwa adabu. Mfunike macho atulie. Una mafuta mazito?"

Mafuta ya mgando yalikuwa kwenye stuli, yale ambayo mkewe humkanda nayo vidole vya mguu. Gia Kubwa alivuta kitambaa cha stuli, vidonge vikamwagika, kopo likamdondokea begani. Fundi akashuka mbio, akarudi na mabaki ya vitambaa laini, mengine ameyalowesha kwa maji ya vuguvugu, akayatupa mojamoja kupitia nondo mpaka moja likaangukia mkono wa Gia Kubwa.

"Paka mafuta kuzunguka," daktari alisema. "Usishike nyayo, zitachomoka. Ingiza kidole, shika nyongani, kwa kitambaa. Usivute mpaka yeye asukume. Akisukuma, nenda naye, kuelekea chini. Akipumzika, na wewe pumzika. Ukilazimisha, utamchana mama."

Mikono ile ilikuwa imezoea spana na kamba za turubai. Sasa ilishika kitu kisichozidi unene wa kidole gumba, kinachoteleza kama sabuni. Pamba akasukuma. Gia Kubwa akaenda naye. Kikateleza, kikarudi.

"Ameniponyoka."

"Subiri. Atasukuma tena."

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Bega lilikuwa limebanwa na fremu, jasho likimwingia machoni na hana mkono wa kujifuta. Chini ya kitanda mlikuwa na joto na harufu ya nyasi kavu na damu. Mwisho wa plasta vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Alitaka kusimama, alitaka kupiga teke kitanda kizima, na hakuna alichoweza isipokuwa kulala hivyo akishikilia.

"Shemeji, unapumua?" fundi aliuliza.

"Napumua." Kisha, pengine kwa sababu hakuna aliyemwona uso, akasema, "Goti hili halitakunjika tena, fundi. Daktari wa hospitali aliniambia mama watoto alipokwenda kuchukua dawa. Mguu wa klachi huo."

"Mwenzako anajua?" fundi aliuliza.

"Hajui."

"Basi mwambie wewe. Mimi sina mdomo huo."

Pamba akajikaza. Safari hii Gia Kubwa alikuwa amemshika vizuri, akamfuata taratibu, chini, chini, akahisi kitu kikikubali, kichwa kikapita, na mtoto mzima akamwangukia kiganjani. Alikuwa mkubwa mno, wa rangi ya zambarau, na hakutikisika. Alimsugua kwa kitambaa. Alimsugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu amekufa," alisema.

"Pole," daktari alijibu. "Mweke kando. Njia imefunguka, sasa tazama mama. Wakimjia wengine, vizuri. Asipozaa mwingine, nipigieni, nitaacha kazi hii nije."

Walisubiri, mmoja chini ya kitanda, mwingine ameegemea nondo. Pamba alilala kama kitambaa kilichotupwa, na Gia Kubwa akaweka kiganja ubavuni mwake ahisi moyo. Ulikuwepo, ukikimbia. Baadaye mwili ule mdogo ukajikunja, na bila msaada wa mtu kikatoka kimoja, chekundu, kipofu, kinachojinyonganyonga. Pamba akageuka, akakilamba. Kikafuata kingine, na kingine.

"Wanacheza," Gia Kubwa alisema. Akainua sauti. "Fundi, wanacheza hawa."

Aliwahamishia kwenye boksi kwa ncha za vidole, akawafunika kwa manyoya ya mama yao. Fundi alileta sare zake, akaketi kwenye ngazi akishona vifungo kwa mkono, kila mara akimwita kuhakikisha hajazimia.

Mkewe aliporudi alikuta jirani mlangoni, akafungua haraka. Wawili wale waliinua kitanda, wakachomoa plasta, wakamvuta mzee wa watu kwa makwapa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Fundi alikunja sare zake, akashuka.

Mkewe alipokwisha kumfuta damu mikononi, Gia Kubwa alimshika kifundo cha mkono.

"Goti halitakunjika, mama watoto. Lori basi tena."

Mkewe aliketi kando yake. Hakulia. Alitazama ule mguu kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, akipima kama kuna cha kuokoa.

"Umekaa na neno hilo peke yako humu ndani," alisema, "na mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango."

"Ulifunga kwa haki."

"Kesho sifungi."

"Usifunge. Ngazi ni zilezile."

Binti aliporudi kutoka shule alipiga magoti mara moja, akatazama boksi, kisha kile kifurushi kidogo cha kitambaa kando ya ukuta. Akauliza kama baba yake alimgusa Pamba.

"Nilimgusa," alisema Gia Kubwa. "Kaa hapa nikueleze."

Kesho yake mlango ulibaki wazi kweli. Upepo wa ngazini uliingia, ukaleta harufu ya sabuni za waosha magari na vicheko vyao. Gia Kubwa alijikokota kwa gongo mpaka kizingitini, akakishika kitasa, akatazama chini mpaka pale ngazi zinapokata kona. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akarudi kuketi kitandani, mlango akauacha vilevile.