Taa ya Jirani

Jibu langu lilitoka dogo. Sayari yetu, inayozunguka nyota ya mbali, ilionekana ndogo kuliko Mshtarii, ilhali wataalamu walishaipima wakaikuta kubwa zaidi.

"Opa Oydin, umeifua sayari kwa maji ya moto kama sufu, imenywea!" alicheka Botir, fundi wa matrekta ninayesoma naye darasa la jioni la elimu ya nyota hapa Samarkand. Huniita opa, dada mkubwa.

Mwalimu Zebiniso hakucheka. "Watu wa kituo cha darubini kule mlimani wanasubiri kipimo chetu leo. Kikiwa kibovu, zamu ya darubini ya mwezi ujao wanapewa wengine."

Nikapima tena kwenye picha za nyota zilizo kompyutani. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Sayari ikiwa kubwa, hupungua zaidi. Mwanga wangu haukutaka kupungua vya kutosha.

Ikaadhiniwa magharibi. Nilitandika mkeka barazani, nikaswali. Sikuthubutu kumwomba Mungu jibu. Nilimwomba anionyeshe kosa langu, hata mbele ya Botir.

Nilipokuwa nakunja mkeka, Botir alipita na birika la chai mbele ya taa ya baraza. Nilitazamia giza usoni, lakini giza lilikuwa hafifu. Taa ya jirani, ng'ambo ya ukuta, bado ilinimulika.

"Botir, rudi! Simama hapo hapo!"

"Chai inapoa, opa."

"Acha ipoe! Subhanallah, nimeliona!"

Nilikimbilia kompyuta. Ili kupima mwanga, nilikuwa nimeizungushia nyota yetu duara, nikajumlisha mwanga wote wa ndani. Na duara langu lilikuwa pana kama sinia la palov, pilau yetu ya wageni! Pembeni mwake kulikuwa na nyota nyingine, ndogo, ambayo hakuna kitu kilichopita mbele yake. Mwanga wake ulikuwa unaliziba pengo langu, ule upungufu wa mwanga niliokuwa nautafuta.

Niliutoa mwanga wa jirani. Pengo likazidi kina, likazidi tena. Sayari ikatoka kubwa kuliko Mshtarii, sawa na walivyosema wataalamu.

"Alhamdulillahi!" nilipiga kelele kama msichana. Mwalimu akatuma kipimo.

Tulikuwa bado tunakunywa ile chai ya baridi jibu lilipofika: "Mwezi ujao darubini ni yenu. Njooni na nguo za sufu, huku mlimani ni baridi."

"Umesikia, Botir?" nikasema. "Na usizifue kwa maji ya moto."