Udongo Uliorudi kwa Wenyewe

Jumanne asubuhi Yustina alikuwa amechutama kwenye mfereji, akiosha mchicha na kuufunga mafungu ya kupeleka sokoni mjini, udongo ulipoanza kumpita ukielekea mlimani. Ulipita polepole, upana wake kama mkeka, ukitoa sauti ya maharage yanayopepetwa kwenye ungo. Yustina alisogeza tenga lake pembeni, maana mchicha alikuwa ameshauosha.

Rafiki yake Pili alikuwa ng'ambo ya mfereji, naye akifunga wake.

"Huo unatoka kwa mzee Wilfred," alisema Pili.

"Utakuwa unarudi kwao," alijibu Yustina.

Kwa miaka mingi, kila masika, mvua ilikuwa ikiyaosha mashamba ya juu na kuteremsha udongo hadi bondeni, upande wa Bigwa, kwenye shamba la mzee Wilfred. Walioko juu walibaki na mawe. Shamba lake yeye lilinenepa mpaka nguzo za uzio zikazama. Hakuiba. Alikuwa chini tu, na alikuwa na hati. Shamba la Yustina, alilorithi kwa mama yake kama wanawake wote wa ukoo wao, lilikuwa limebaki mwamba mtupu. Mwaka uliopita alipanda kabichi kwenye nyufa akavuna kumi na moja, na hata miche yenyewe alipewa na Pili.

Udongo ulipanda kwa siku nne. Juu yake zilionekana nyayo za miguu mitupu, zote zikielekea juu. Ulipofika kwenye kila shamba ulijipanga matuta kama alivyolima marehemu wa mwisho wa shamba lile. Kwa mjomba Alois, mkubwa wa ukoo, matuta yalikaa upogo, kwa sababu mama yake alikuwa akishika jembe kwa mkono wa kushoto. Kwa Yustina yalikaa mafupi mafupi, na katikati paliachwa nafasi ya kumkalisha mtoto. Yustina aliitambua. Aliweka kiganja pale. Palikuwa na joto.

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mzee Wilfred alikuja na hati yake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mimi nilinunua shamba, sikununua jabali," alisema. "Na sijamwibia mtu. Mvua ndiyo iliyoleta."

"Na sisi hatujakuibia, mzee mwenzangu," alisema Alois. "Au uliniona nimebeba?"

Watu walicheka. Mwenyekiti aliandika kwamba udongo umerudi kwa wenyewe na kwamba haki imetendeka. Ndipo Pili aliposimama. Alikuwa amepewa kipande cha kulima ndani ya shamba la Wilfred, na badala ya kodi alimlimia Wilfred siku mbili kila wiki. Sasa miche yake ilikuwa imelala juu ya mwamba, mizizi nje.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Mama yako alilima wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Gairo."

"Basi wako utakuwa Gairo, mwanangu."

"Wa kwetu haukuteremka na maji. Ulichukuliwa na upepo."

Hakuna aliyewahi kusikia upepo ukirudisha kitu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo.

Yustina hakuwahi kusema neno mkutanoni, na siku ile pia hakusema. Lakini jioni alipima shamba lake kwa kamba, akamwonyesha Pili nusu yake. Pili alipanda miche sitini. Kulipokucha, nusu ile ilikuwa mwamba tena, umefagiliwa vizuri, na miche sitini imelazwa juu yake kwa mstari. Udongo wote ulikuwa umehamia nusu ya Yustina, ukimfika magotini. Akaujaza kwenye beseni, akaubeba hadi mlangoni kwa Pili, akaumwaga. Kabla hajafika kwake, ulimpita njiani.

Alikwenda kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe unaongea! Nilidhani nitakuja kuozesha jiwe." Alois alimsikiliza akitafuna muwa, kisha akasema, "Tumfanye mtoto wa ukoo. Akiwa na mama, udongo utamkubali."

Wakamwita Pili. Alikula nao chungu kimoja, kisha Alois akamwekea mkono kichwani, akamtajia jina la marehemu mama yake Yustina, kwamba kuanzia leo ndiye mama yake. Ukoo mzima ulishuka shambani kutazama. Pili alipiga magoti, akapanda mche mmoja. Udongo ukajitoa kwenye mzizi taratibu, kama mtu anayevuta pindo la khanga yake lililokaliwa na mgeni. Akapanda wa pili. Ukajitoa.

"Marehemu wamekataa," alisema Alois. "Tumejitahidi."

Watu walirudi makwao. Yustina alibaki. Aliinama pale katikati ya matuta.

"Mama," alisema, "huyu ndiye aliyenipa miche wakati nyie mpo bondeni."

Udongo ulimpanda miguuni, ukamfunika vidole, ukatulia.

Mzee Wilfred alikaa na mwamba wake mwezi mmoja. Hati ilitaja mipaka, haikutaja kilichomo, na mjini watu walikuwa wakijenga. Akanunua nyundo. Pili alikuwa wa kwanza kuajiriwa kuponda kokoto, pale pale kilipokuwa kipande chake. Sasa alimfanyia Wilfred siku sita.

Kabichi za Yustina zilikuwa kubwa hata moja ikabebwa na watu wawili. Kila Jumamosi alimpelekea Pili nusu ya kabichi. Jumamosi moja aliketi karibu naye kwenye vumbi, akachukua nyundo ya akiba.

"Nikusaidie."

"Acha, dada."

"Kidogo tu."

"Dada, nenda kalime. Unasubiriwa."

Yustina aligeuka. Udongo ulikuwa umeteremka kumfuata. Ulikuwa umesimama ukingoni mwa machimbo, upana wa mkeka, haujakanyaga jiwe hata moja.

Akaweka nyundo chini, akajipangusa mikono, akaufuata. Nyuma yake Pili aliendelea kuponda.