Poda ya Mwisho

Jiko la nyumba ile lilipata mwenyewe mpya siku nesi alipomfunga bibi kipimo cha presha mkononi, akatazama, akaguna. Alimwambia wazi: isiposhuka mpaka atakaporudi zahanati, atalazwa.

Bibi alikuwa amepika kantini ya kiwanda tangu usichana wake, na mkono wake ulizoea kuchota chumvi bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Ndipo mumewe, kinyozi, mtu ambaye hakuwahi kuchemsha hata yai, alipovaa koti lake la kunyolea na kuingia jikoni.

"Kaa hapo kwenye kigoda, bibie. Mkono wako hauna breki."

"Na wako hauna hata gia," bibi alimjibu. Lakini alikaa.

Alikaa kumcheka, ila kicheko hakikufika mbali. Mzee alinoa kisu kwenye ule mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, akakata kitunguu vipande vyembamba hadi mwanga unapita. Alivikaanga kwa moto mdogo, kwa subira ileile anayomfanyia mtoto anayelia kwenye kiti cha kunyolewa, mpaka vikageuka rangi ya asali na nyumba nzima ikanukia. Akafuatisha kitunguu saumu, tangawizi, na nyanya zilizoiva hasa. Maharage alikuwa ameyaloweka tangu jana yake, akayachemsha bila hata chembe ya chumvi. Kopo lenyewe la chumvi alishampa jirani.

Chakula kilipokaribia kuiva, aliinamisha mfuniko unaong'aa juu ya sufuria ili bibi aone ndani akiwa palepale kwenye kigoda, kama anavyomwonyesha mteja kisogo chake kwa kioo.

"Tazama na huku nyuma. Nipunguze?"

"Hapo hapo, fundi."

"Haya, kanawe mikono, mimi namalizia."

Na kilikuwa kitamu! Bibi alikula akifuta sahani kwa kidole, akijiuliza moyoni ni nini alichokuwa akiwafundisha wasichana wa kantini miaka yote ile.

Basi siku ya zahanati ikafika. Nesi alipima, akapima tena. Presha ilikuwa palepale.

"Bibi, unakula chumvi wewe."

"Nyumbani kwangu?" mzee aliruka. "Dada, hata ukileta panya aitafute, hapati!"

"Nawapa wiki moja. Baada ya hapo ni kitanda."

Njia nzima mzee alitazama viatu vyake, na hilo lilimuuma bibi kuliko habari ya kulazwa. Mtu aliyejitolea hivi, leo anatembea kama aliyemkata mteja sikio!

Mchana ule mzee aliposema kanawe mikono, bibi hakuondoka. Akamwona anaingiza mkono mfukoni mwa koti, anatoa kitu chenye karatasi ya kung'aa, anakivunja kwa vidole na kukinyunyiza juu ya sufuria, taratibu, pu, pu, pu. Vilevile anavyompaka mteja poda shingoni.

"Hicho nini, mume wangu?"

"Aa, kakidonge tu ka kuungia mchuzi. Kwangu mtu hatoki kitini bila poda, unajua. Chakula nacho nikakionea huruma."

Bibi hakupandisha sauti. "Kilambe chenyewe, kikavu."

Mzee alilamba. Uso ukamshuka, akaketi yeye kwenye kigoda.

"Chumvi tupu! Kumbe nakumaliza kwa mkono wangu, na huku najisifu."

"Ungekuwa umenimaliza, ningekuwa nakusumbua hapa? Inuka. Mimi mwenyewe mpishi, nilikuwa nalamba vidole tu bila kuuliza. Kesho nionjeshe kabla ya poda."

Kesho yake bibi alionja. Kitunguu kilikuwa na utamu wake, tangawizi iliuma vizuri, lakini alilazimika kusema kweli. "Ulikuwa sahihi, mzee. Bado kinataka poda."

Mzee alisimama akikuna kidevu. Kisha akachukua bizari nyembamba, akaikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka ikaanza kunukia, akaitwanga laini kabisa. Akaepua sufuria, akakamulia limau wakati moto umekwisha kuondoka, ili ule ukali wake usipotelee jikoni. Mwisho akainyunyiza ile bizari. Pu, pu, pu.

Bibi alionja, akasukuma sahani mbele. "Ongeza."

Wiki ilipotimia, nesi alipima, akatabasamu. Imeanza kushuka, hakuna cha kitanda, waendelee hivyo hivyo.

"Bibi, umekuwa ukipika nini?"

"Mimi? Mimi siku hizi mteja tu. Muulize fundi."

Mzee alishatia mkono mfukoni mwa koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa, akamwomba nesi kiganja, akamnyunyizia ile poda yake ya bizari kidogo, kwa madaha, huku bibi akimtazama mumewe kama bwana harusi.