Ini la Fundi Sofa

Fundi Sofa alikuwa na afya ya kuwatia watu wivu. Alibeba kochi la watu watatu peke yake na kupanda nalo ngazi huku akipiga mluzi. Kwa hiyo alipoomba apigwe picha ya ini, daktari alimtazama juu mpaka chini, akarudia kusoma majibu ya damu, akamwambia ini lake ni zima, picha haina haja. Ilikuwa mara ya tatu kuambiwa hivyo.

Fundi hakuwa mtu wa kujitafutia maradhi. Ila tangu ujanani alijua kwamba ana virusi vya homa ya ini, na baba yake alikufa kwa saratani ya ini akiwa na umri kama wake. Kaka yake mkubwa akafuata. Wote wawili hawakuumwa hata kichwa hadi maji yalipozidi unga. Lakini kila alipoanza kuyaeleza hayo, mgonjwa mwingine alikuwa ameshaitwa.

Dada yake, karani wa mahakama asiyependa maneno yanayoning'inia, alimcheka. "Unaomba kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nenda na ushahidi."

Wakakaa mezani, wakaandika ukoo mzima kwenye karatasi moja: nani aliugua nini, akiwa na miaka mingapi. Dada akafukua sandukuni cheti cha kifo cha baba na barua za hospitali za kaka. Wiki iliyofuata wakaingia kwa daktari wote wawili.

Daktari akaanza yale yale. Fundi akamwacha amalize, kisha akamwekea karatasi mbele yake.

"Daktari, mimi huletewa viti vinavyong'aa," alisema taratibu. "Nikichana kitambaa, nakuta mbao imeliwa yote. Hayo majibu ya damu ni kitambaa. Naomba unitazamie mbao."

Daktari akasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akavua miwani, akakiri kwamba habari hizo hazikuwamo kwenye faili, wala yeye hakuwahi kuuliza. Akaandika fomu papo hapo.

Picha ilionyesha kiuvimbe kisichozidi punje ya harage. Daktari wa upasuaji alisema kingeachwa mwaka mmoja zaidi, wangekuwa wanazungumza mengine. Wakakitoa, na fundi akarudi karakanani na kovu alilowaonyesha wateja bila kuombwa, mpaka mkewe akatishia kumshonea shati lisilofunguka.

Lakini furaha yenyewe ilikuja miezi miwili baadaye, daktari yule wa kwanza alipowaita ndugu wote wakapimwe. Walijaza benchi zima. Shangazi yao alipopakwa mafuta baridi tumboni alitekenyeka, akacheka hadi mpiga picha naye akashindwa kukishika chombo chake. Mmoja baada ya mwingine walitoka na jibu moja: safi.

Dada alikuwa wa mwisho. Alitoka na uso wake wa mahakamani, akaketi karibu na fundi, akamshika mkono, na hapo uso ukamshinda.

"Safi," alisema, machozi na kicheko vikigombania njia.

Ukoo wote ukalipuka kwa kicheko. Muuguzi akaja kuwaomba watoke nje, maana kelele zao zilikuwa zinaamsha vichanga wodi ya jirani.