Babu Emil na Dereva Wake

Marlys Hruska alikuwa na miaka kumi na saba alipokamatwa na polisi akiwa na kopo la bia kwenye sherehe ya vijana wenzake, nje ya mji wao mdogo huko Nebraska, Marekani. Hakuwa ameshika usukani, lakini kwa kuwa hakuwa ametimiza umri wa kunywa, jaji alimfungia leseni hata hivyo.

Kilichomuuma zaidi ni babu yake, Emil. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na Marlys ndiye aliyempeleka kwa gari kila Jumapili kwenye kaburi la bibi.

"Nisamehe, babu. Nimekukata miguu."

"Miguu ninayo," Emil akasema. "Njoo ghalani."

Wakatoa baiskeli ya viti viwili, yenye pedali mbele na nyuma, aliyokuwa akiendesha na mkewe enzi za uchumba, wakaifuta vumbi na kuijaza upepo.

Jumapili wakapita katikati ya mji, Marlys mbele, mzee nyuma, watu wakiwapigia honi.

"Babu, unakanyaga kweli au unajipumzisha?"

"Angalia barabara, mlevi wewe!"

Marlys akacheka mpaka baiskeli ikayumba.

Walipofika, Emil aliinama kaburini akihema.

"Mama," akamwambia mkewe, "huyu mtoto hajui kukata kona. Kama wewe tu."

Kisha akaupapasa mkono wa Marlys, akaushika.